Metroni Aliyefuatwa na Maji

Kuna watu hufuatwa na bahati, wengine hufuatwa na mbwa, na Kavinya aliamini kwa moyo wake wote kwamba yeye hufuatwa na maji. Hakuyaota hayo. Alikuwa na ushahidi. Kila alipokanyaga ngazi kuelekea ghorofa ya juu ya bweni la wasichana, sauti ilipaa huko juu kutangaza kwamba yamekuja: "Maji imekam!" Hapo milango iligongana, miguu ikakimbia, sufuria zikalia, yaani shamrashamra tupu mpaka afike. Mfereji wa chini, ule uliokuwa karibu na kiti chake, haukuwahi kumheshimu namna hiyo. Maji ya juu ndiyo yaliyomjua.

Ni kweli kwamba alipofika hakukuta hata tone. "Ilikuwa imekam, Mathe," wasichana walimwambia huyo mama yao wa bweni kwa nyuso za msiba. "Imepotea tu sahi." Kavinya alisikitika pamoja nao, akailaani mirija, akamlaani fundi wa mirija, kisha akaendelea na shughuli iliyompandisha.

Jambo hilo alilitolea ushuhuda mbele ya akina mama wa kanisa lao kule Komarock, na akina mama wakapiga makofi. Mumewe, Mwangangi, mchongaji wa vinyago asiyependa maneno mengi, alimsikiliza jioni hiyo huku akipiga msasa shingo ya twiga. "Kama yanakujua," alisema, "yaambie yakujue na hapa nyumbani, niache kubeba mitungi." Kavinya alimwambia imani yake ni haba, akaenda kulala.

Chuo chenyewe kiko nyuma ya mahakama za Makadara na kinaitwa Chuo Kishiriki cha Kisima. Aliyekipa jina hilo ama alikuwa na matumaini makubwa ama alikuwa na utani mbaya, kwa sababu maji huko huja yakitaka. Ukutani, juu kabisa ya mfereji mkavu, mtu aliyelipwa vizuri amechora maneno USTAWI WAKO NI JUKUMU LETU kwa rangi ya buluu, na chini yake tone la maji linalotabasamu. Wasichana wamelichorea tone hilo masharubu.

Kavinya aliingia hapo kuwa metroni baada ya kiwanda cha nguo alichokuwa akishona, upande wa Mukuru kwa Njenga, kufungwa na mashine kuhamishwa. Kwenye mahojiano waliomba mtu mwenye ujuzi wa malezi na saikolojia ya vijana. Walimuuliza angefanya nini iwapo mwanafunzi angemjia akiwa na huzuni nyingi. Kavinya aliwaza kidogo, akajibu, "Nitamuuliza amekula nini." Wakacheka, wakampa kazi.

Wala hakuwadanganya. Mtoto akiumwa, Kavinya alikuwa wa kwanza kumpikia uji na wa mwisho kutoka pale kitandani. Lakini mapenzi yake yalikuwa na kelele. Alikuwa na umbo la mtu ambaye kiti humfikiria kabla ya kumpokea, na kitambaa chekundu cha kichwani kilichoonekana kutoka mbali, na sauti iliyozoea kushindana na mashine za kushonea. Akikwambia "Habari ya asubuhi," ulijiuliza umekosa nini.

Sasa tuje kwenye vita vyake. Kantini ya chuo ilipika kabichi ambayo hata mbuzi angeiomba udhuru. Kwa hiyo wasichana walijipikia vyumbani kwa koili, ule waya uliojizungusha juu ya kigae, unaochomekwa ukutani na kuiva mwekundu kama pua ya mtu mwenye mafua. Koili ilikatazwa, na kwa haki, maana nyaya za jengo lile zilikuwa kuukuu na kila kitanda kilikuwa na godoro la sponji. Ikawa kazi ya Kavinya kupanda na kuzinasa, na aliipenda kazi hiyo kuliko anavyopaswa mtu kupenda kazi. Alikuwa na mbinu. Alibisha polepole kwa kidole kimoja. Aliita kwa sauti ya asali, "Fungua, mwanangu, una mgeni chini." Au, akishuku zaidi: "Fungua tu, sitachukua kitu." Mlango ukifunguka kidogo, kitambaa chekundu kilishaingia, na koili ikashuka nacho stoo. Bwana Yahye, mkuu wa wanafunzi, alimsifu mbele ya wafanyakazi wote. Alimwita nguzo ya usalama.

Msomaji aliyewahi kuishi bweni ameshaelewa maji yale yalitoka wapi. Chumba cha karibu na ngazi alikaa msichana aitwaye Wanja, mwenye macho makali na mapafu mazuri. Kazi yake, aliyopewa na ghorofa nzima kwa kauli moja, ilikuwa kukiona kitambaa chekundu na kupiga kelele za maji. Ficheni koili, metroni anapanda, ndiyo maana yake. Walichagua neno hilo kwa akili, kwa sababu hakuna mtu wa mitaa hii ya Eastlands anayeshangaa kusikia mwingine akipigia maji vigelegele. Na Kavinya, ambaye angeweza kunusa dengu ikichemka akiwa ghorofa ya chini, hakushuku hata kidogo. Sifa ina tabia hiyo. Ikikukaa vizuri huiulizi ilikotoka.

Basi ikaja Jumamosi moja, mchana mweupe, jua limechachamaa. Batulo alikuwa ameingia bwenini wiki ileile, binti wa mwenye duka la vitambaa huko Eastleigh, mpole, mwenye ndoo mpya, na hakuna aliyekumbuka kumfundisha lugha ya ghorofa. Alikuwa bafuni akiukodolea mfereji macho wakati mfereji ulipokohoa, ukatema tope, ukakohoa tena, kisha ukamwaga maji. Maji kwelikweli. Batulo hakuweza kujizuia. Alitoka kwenye korido na kupaza sauti kwa furaha safi, "Maji imerudi! Maji!"

Milango yote ikafungwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Ndanu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa dereva wa lori la mchanga. Mwenzake wa chumbani alikuwa amekwenda kwao. Ndanu alikuwa amebandika dengu. Aliposikia neno, alifanya kama walivyofanya wote: aling'oa waya ukutani, akaficha sufuria kabatini, akaisukuma koili chini ya kitanda ingali nyekundu. Akafunga komeo. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa hadi nyuma ya mlango, mbinu ya kumchelewesha metroni, basi akajilaza hapohapo na kitabu mkononi. Blanketi lilikuwa linaning'inia pembeni hadi kwenye koili, na hakuliona.

Chini, Kavinya alisikia kelele, na papo hapo mfereji wa karibu na kiti chake ukaanza kububujika. Akamshukuru Mungu. Akapanga mitungi. Lakini kusema ukweli aliumia kidogo, kwa maana maji yalikuwa yamekuja naye ameketi. Alijiambia labda yalijua magoti yake yanamsumbua siku hizo.

Huko juu sponji ilishika moto. Ndanu alinusa kwanza, kisha akahisi joto mgongoni, akaruka. Alipiga moto kwa mto, mto nao ukashika. Sasa kitanda kilikuwa kinawaka kati yake na mlango, dirisha lina vyuma, na moshi wa sponji ni mweusi, unakaba. Alirudi kwenye kona ya dirisha na kuita kwa nguvu zake zote kitu alichokihitaji.

"Maji! Jameni, maji!"

Chumba baada ya chumba, wasichana walilisikia. "Bado yuko," Wanja alinong'ona, akafungua kitabu. Aliyekuwa anasikiliza muziki aliuzima. Aliyekuwa anataka kukohoa alijibana. Sidhani kama chuo kile kimewahi kuwa na wasomaji wengi hivyo kwa wakati mmoja.

"Maji! Nakufa! Maji!"

"Huyo Ndanu anazidisha," mmoja akasema.

Mtu mmoja tu katika ghorofa ile alikuwa bado anaelewa Kiswahili, naye ni Batulo. Alikuwa amesimama kwenye korido na karai limejaa, akishangaa watu wanaoitiwa maji na kujifungia. Akabisha mlango wa kwanza. "Shhh, ingia kwako," aliambiwa. Akabisha wa pili, hakujibiwa. Akafika mlango wa mwisho, akaona moshi ukitoka chini yake. Akausukuma, haukuenda. Akamwaga karai lote pale kwenye upenyo wa chini, akateremka ngazi mbio.

"Metroni, kuna mtu huko juu anaitisha maji."

"Yako kila mahali, mwanangu," Kavinya alisema bila kuinua kichwa, mtungi wa tatu ukijaa. "Ashuke achote, hana miguu?"

"Anaitisha akilia. Na kuna moshi."

Kavinya aliacha mfereji wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alipanda ngazi akishika ukuta, na Wanja, aliyekuwa akichungulia kwenye upenyo wa mlango, alikiona kitambaa chekundu na kutimiza wajibu wake. "Maji imekam!" Kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa lugha ya ghorofa, habari hizo zilikuwa sahihi.

Moshi ulikuwa umefika katikati ya korido. Kavinya akaugonga mlango wa mwisho kwa kiganja. "Ndanu! Ndanu, fungua!"

Ndani, sauti iliyokuwa inalia ikakatika.

Haikufifia. Ilikatika, kama mtu anapozibwa mdomo. Kavinya aliusikia ukimya ule na hakuuelewa. Akasikia kikohozi kinachozuiwa, cha mtu anayejitahidi asisikike. Akaweka mdomo kwenye mlango na kusema maneno yaliyomjia. "Fungua, mwanangu. Sitachukua kitu."

Yalitoka na asali yake yote. Alijisikia mwenyewe akiyasema, sauti ileile ya kila siku, mpaka na ile pumzi mwishoni, na hakuna aliyejibu. Hapo Kavinya akaogopa kwa namna ambayo hajawahi kuogopa, kwa sababu alijua kuwa hana maneno mengine. Yale mazuri yote alikuwa ameshayatumia kukamatia koili.

Akageukia korido na kupiga kelele ya kiwandani. "Moto! Tokeni nje! Moto!"

Neno hilo halikuwa na maana ya pili. Milango ikafunguka, wasichana wakamwagika, wengine na vitabu mkononi. Kavinya alirudi nyuma na kuutupia mlango mwili wake wote, ule mwili uliosengenywa sana kwenye vyumba vile, na komeo likang'oka. Kitanda kilikuwa nyuma. Wakakisukuma wote kwa pamoja, Wanja mbele akilia. Makarai yakapita mkono kwa mkono kutoka bafuni, na Mungu ashukuriwe, siku hiyo mfereji haukudanganya. Walimkuta Ndanu amejikunja chini ya dirisha, shuka mdomoni, mkono wa kulia umebabuka kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa hai. Kavinya alimbeba mwenyewe hadi chini na hakumruhusu mtu mwingine amguse.

Kesho yake alienda kumtazama hospitalini na chupa ya uji. Alimlisha kwa kijiko, kimya, jambo lililomtisha Ndanu kuliko kelele. Uji ulipokwisha, Kavinya akauliza, "Ulinisikia nikibisha?"

"Nilikusikia, mwaitu." Ni Mkamba kwa Mkamba, basi alimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Mbona ukanyamaza?"

Ndanu aliangalia bendeji. "Nilidhani umekuja juu ya koili."

"Na moto je?"

"Nilisema labda nitauzima kabla uingie."

Kavinya alifunga chupa, akaifungua, akaifunga tena. "Haya, mimi nilikuwa mlangoni. Na wenzako? Umeita maji mpaka mtoto wa juzi kutoka Eastleigh amesikia. Hao wengine walikuwa na nini masikioni?"

Msichana alisogea karibu. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemvua mwingine kiatu chenye msumari, "Mwaitu, maji ni wewe."

Ilibidi aelezwe mara mbili. Na kwa kuwa simulizi hii si ya kumpamba mtu, niseme kwamba jambo la kwanza lililomjia Kavinya halikuwa moto wala mtoto. Aliwaza akina mama wa Komarock na yale makofi. Uso ulimwaka. Dakika nzima alimchukia Ndanu, akamchukia Wanja, akayachukia mapafu yake. Kisha akaukumbuka ule ukimya nyuma ya mlango, na aibu ya kanisani ikawa kitu kidogo sana. Mtoto alikuwa anaungua, akasikia sauti yake, akaona afadhali anyamaze.

Nyumbani alimsimulia Mwangangi. Mwangangi, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, alicheka mpaka akaweka patasi chini. "Maji yanakujua," alisema akijifuta machozi, "si uliniambia?" Halafu akamtazama mkewe usoni, akaacha kucheka, akamsogezea kigoda.

Bwana Yahye aliitisha mkutano ukumbini. Alizungumzia ustawi kwa kirefu, alimsifu metroni kwa ushujaa, kisha akatangaza hatua: misako iongezwe, makomeo ya ndani yang'olewe, na Ndanu afike mbele ya kamati ya nidhamu mara tu atakapopona. Wasichana walitazama sakafu. Kavinya akasimama bila kuitwa.

"Bwana Yahye, huo msako muutafutie mtu mwingine."

"Mama Kavinya, wewe ndiye nguzo yetu."

"Nguzo gani? Yule mtoto alikuwa anaita. Aliponisikia mimi, akanyamaza. Angekufa kwa kuniogopa mimi na huo mkono wangu wa kupokonya." Alishika kiti kilichokuwa mbele yake. "Koili ni mbaya, nimekubali. Hata sasa nikiiona nitaivunja. Lakini hawa watoto wana njaa, na hiyo kabichi yenu mmewahi kuionja? Ile stoo ya chini ni simenti kila upande. Tieni humo stima ya maana na meko, wapike mbele ya macho yangu. Huko juu nitapanda nikiitwa."

"Na wasipokuita?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Kavinya alikivuta kitambaa chake mbele kidogo. "Basi nitakuwa nimeshindwa kazi," alisema, "na mtaniambia niende."

Yahye hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana ukuta wenye maandishi. Alikubali kujaribu hadi mwisho wa muhula. Ndanu angepewa onyo tu. Lakini koili ikionekana tena juu, au jambo lingine likitokea huko bila metroni kujua, jiko lifungwe na Kavinya aondoke.

Jiko lilijaa tangu siku ya kwanza. Kavinya alikaa mlangoni na kuwatukana wote. Huyu ugali wake ni uji uliokasirika, yule anakatakata kitunguu kama anayelipiza kisasi, Wanja anatia chumvi kwa macho yaliyofungwa. Batulo aliwafundisha kupika anjera, mikate myembamba ya kwao, na nusu yake ikaungua. Walicheka, walikula, walimwita Mathe. Lakini sufuria zikishaoshwa walipanda juu, na juu kukawa kama nchi nyingine.

Hakuna aliyemwita. Alisikia viti vikiburutwa, alisikia wakigombana, siku moja alisikia mtu akilia kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Kavinya alisimama chini ya ngazi na mguu mmoja umeinuliwa. Alitamani kupanda kuliko alivyotamani kitu chochote mwaka huo. Lakini alikuwa ametoa ahadi mbele za watu, na tena alijua akipanda bila kuitwa atakuwa amerudi kuwa yuleyule. Akashusha mguu, akarudi kitini, akamkasirikia kila aliyepita. Ndanu naye alirudi kutoka hospitalini, mkono umefungwa, akamsalimia kwa adabu na kupanda. Usiku Kavinya alimwambia Mwangangi kwamba muhula unaisha na kazi inaisha nao.

Kisha alasiri moja, akiwa anachambua mchele, kelele zikapasuka juu.

"Mathe! Mathe Kavinya! Kuja! Mathe, kuja haraka!"

Sinia liliruka. Mchele ukaenda kila upande. Kavinya alipanda ngazi zile na ndala moja, nyingine ameiacha asikokujua, kitambaa kimemwangukia shingoni, akisema jina la Mungu kwa kila pumzi. Ilikuwa sauti ya Ndanu. Alikimbia hadi mwisho wa korido na kukuta mlango uko wazi kabisa, umesukumwa hadi ukutani, kitanda kiko mbali upande wa pili. Ndanu alikuwa amesimama juu ya meza, ameshika sketi kwa mkono mzima.

"Panya," alisema, akionyesha chini ya kabati. "Kubwa, mwaitu. Ameniangalia."

Kavinya alishika mwimo wa mlango mpaka moyo ukakubali kurudi mahali pake. "Panya," alisema. "Umeniitia panya. Magoti yangu haya, na mchele wangu wote uko chini, umeniitia panya kama vile mimi ni paka wa chuo. Hujui kumfukuza? Kwenu hakuna panya? Au panya wa kwenu wote wameokoka?"

Aliendelea hivyo mpaka akaishiwa na panya akawa ameshaondoka zake. Wasichana walikuwa wamejaa mlangoni, Wanja na Batulo mbele. Kavinya akaketi kwenye kitanda cha Ndanu, akavuta kitambaa chake kutoka shingoni, akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Walitazamana. Hawakuwahi kumwona analia, na hawakujua mtu hufanya nini.

Ndanu alishuka mezani polepole, akaketi kando yake. "Mathe," aliuliza, "kwani na wewe unaogopa panya?"

"Sana," Kavinya alisema ndani ya kitambaa. "Naogopa sana. Mkimwona tena, niiteni."